Kulala na AC huku Pwani: kwa nini nyuzi 18 zinakuamsha saa kumi usiku

Fundi_Langoni

Assalam aleikum wanajamvi, na heri kwenu nyote.

Kaskazi imekatika na kusi bado haijaingia. Aliyekaa Lamu anakijua kipindi hiki cha maleleji: maji yametulia, majahazi yamefungwa wala hayatikisiki, na ukikaa barazani baada ya isha shati linakugandia mgongoni bila kufanya kazi yoyote. Simu yangu haipoi. Huyu anataka AC ifungwe leo leo, yule anasema yake haitoi baridi niende niipige gesi, na mwingine anauliza kwa nini analala na AC usiku kucha na bado anaamka kichwa kizito. Huyo wa tatu ndiye aliyenifanya nifungue uzi huu, maana wenzake ni wengi.

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza viyoyozi hapa Lamu, Shela, na mara nyingine Malindi. Naona watu wanatoa pesa nyingi kutafuta usingizi na hawaupati, na nikikagua nakuta mashine haina kosa lolote.

Tuanzie mwilini. Ukikaribia kulala, joto la ndani ya mwili huanza kushuka, na usiku mzima litashuka kiasi cha nyuzi moja hivi. Mwili hulishusha kwa kupeleka damu kwenye ngozi, hasa viganja na nyayo, ili joto litoke nje. Mshike miguu mtoto anayesinzia, utaikuta ina moto. Joto hilo la ndani hufika chini kabisa kwenye saa kumi au kumi na moja alfajiri, kisha hupanda taratibu hadi unaamka.

Sasa hewa ya chumbani ikiwa na fukuto, joto la mwili halina pa kwenda. Unageuka huku, unageuza mto, unatupa shuka. Kinachopungua ni usingizi mzito wa mwanzo wa usiku, na pia ule wa ndoto. Kwenye usingizi wa ndoto mwili huwa umelegeza kazi ya kujipooza, hautoi jasho sawasawa, kwa hiyo joto likikukuta humo njia ya karibu ya mwili kujiokoa ni kukuamsha.

Kisha kuna unyevu, na hapa ndipo penye shida yetu hasa. Jasho linapooza mwili pale linapokauka. Likitiririka tu, umepoteza maji bure. Usiku wa mwezi wa tatu au wa nne hapa kwetu kipimo husimama kwenye nyuzi 25 au 26 nje, namba ambayo mtu wa Lodwar ataicheka, lakini yeye hewa yake ni kavu. Yetu imeshiba maji ya bahari. Funga dirisha, laza watu wawili humo wakipumua na kutoka jasho, na unyevu utazidi kupanda hadi asubuhi.

Kiyoyozi cha kisasa chenyewe kilizaliwa kwa ajili ya unyevu. Mwaka 1902 Mmarekani Willis Carrier alibuni mtambo kwa kiwanda cha uchapaji kule Brooklyn, New York, kwa sababu karatasi zilikuwa zikitanuka na kusinyaa kwa unyevu na rangi hazikai mahali pake. Lile bomba linalodondosha maji uchochoroni ni kazi hiyohiyo ikiendelea. Hayo maji yametoka kwenye hewa uliyokuwa ukiipumua.

Basi AC inafaa? Inafaa sana. Ila tazama inavyotumika. Mtu anarudi nyumbani, anabonyeza rimoti hadi 18, anajifunika leso moja, analala. Kwa AC ya kawaida isiyo ya inverta (yaani isiyoweza kupunguza mwendo, ni kuwaka au kuzima tu), 18 haipoozi chumba haraka kuliko 25, kompresa, ile pampu ya gesi, hufanya kazi kwa nguvu ileile mpaka ifike ulipoiambia. Tofauti ni kwamba 18 haifiki upesi, kwa hiyo haipumziki. Saa kumi usiku, wakati joto la mwili liko chini kabisa, ndipo chumba nacho kimekuwa baridi kuliko wakati wote. Unaamka unatafuta blanketi. Ukizima, baada ya nusu saa fukuto limerudi, unaamka tena. Umevunja usingizi mara mbili na tokeni za stima zimekwenda.

Ninachowaambia wateja ni hiki: weka 26 au 27, washa pangaboi taratibu pamoja nayo. Upepo mwepesi kwenye ngozi hukufanya uhisi kama chumba kimeshuka nyuzi mbili au tatu zaidi, na jasho linakauka. Jaribuni kisha mje mniambie.

BintiMuyeye

Kaka Fundi, shukran kwa darsa. Ila umeanza na wenye nazo. Sisi huku Malindi, Muyeye, nyumba nyingi ni za bloku na mabati, hazina dari. Saa tatu usiku bado unahisi kama umelala chini ya kikaango. AC siwezi, feni ninayo, na ndani ya chandarua upepo haufiki. Nikiondoa chandarua mbu wananimaliza. Na tafadhali tupe hesabu ya stima, watu wengi wanaogopa AC kwa uvumi tu na wengine wanainunua bila kujua.

Fundi_Langoni

Dada yangu, swali lako ndilo muhimu kuliko yote, tulichukue polepole.

Stima kwanza. Tuweke uniti moja ni shilingi 30 ukijumlisha kodi na makato, hata kama inapanda na kushuka. Pangaboi la wati 60 kwa saa nane halimalizi hata nusu uniti, shilingi 15 hivi. AC ndogo ya BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupooza) isiyo ya inverta hula kama wati 850 kompresa ikiwa inafanya kazi. Ukiiweka 18 kwenye chumba cha joto, kompresa haizimi, saa nane ni uniti karibu saba, shilingi 200 kwa usiku. Ukiiweka 26 na chumba kimefungwa vizuri, itakuwa inawaka na kupumzika, tukadirie uniti nne, shilingi 120. Ukiiweka kwa saa nne za mwanzo tu kisha pangaboi likamalizia, unakaribia shilingi 75. Hayo ni makadirio ya kukuongoza, nyumba na nyumba si sawa.

Hizo saa nne za mwanzo sikuzitoa hewani. Watafiti wa Japani waliwahi kulaza watu kwenye joto la unyevu kwa nusu ya kwanza ya usiku au nusu ya pili, wakaona kwamba joto la mwanzo ndilo linaloharibu zaidi na madhara yake yanafuata hadi baadaye. Kwa hiyo kama tokeni ni chache, zitumie unapoingia kitandani.

Kuhusu chandarua, usikiondoe. Malaria ipo, na hata mwenye AC asidanganyike kwamba baridi inafukuza mbu. Wanauma vilevile. Kinachosaidia ni kubadilisha mahali pa feni. Pangaboi la juu linapiga kwenye kilele cha chandarua, nyavu zinashuka na kukaribia mwili, na upepo unaoingia ni kidogo. Chukua feni ya kusimama, ishushe iwe sawa na kitanda, iweke karibu upande wa miguu ipige moja kwa moja kwenye wavu. Wenye feni ndogo za kuchaji wanaiweka ndani ya chandarua kabisa, na hiyo ndiyo bora, ila waya usipite kitandani kwa mtoto.

Na mabati: kabla ya kufikiria AC, weka dari. Hata dari la bei nafuu, mradi liache nafasi ya hewa kati yake na bati na kuwe na matundu ya kutokea joto pande mbili. Bati ukilipaka rangi nyeupe juu linarudisha jua badala ya kulinyonya. Mimi nimekataa kufunga AC kwenye chumba kisicho na dari, maana bati linaendelea kushusha joto kuliko mashine inavyoliondoa. Wako wanaoweka makuti juu ya bati. Kwa ubaridi inafaa sana, lakini kwenye nyumba zilizobanana moto ukishika makuti hakuna wa kuuzuia, kwa hiyo sipendekezi mtaani.

Nahodha_Mstaafu

Fundi mwanangu, salamu.

Mimi nimekua mtaa wa Mkomani hapa Lamu kwenye nyumba ya mawe, na sikujua AC hadi mvi zimeniota. Ukuta wa matumbawe na chokaa, unene wake karibu mkono mzima. Boriti juu, dari refu, kiwanda, yaani ua wa ndani, katikati kinachovuta upepo. Wakati huu wa maleleji tulipanda juu ya paa chini ya makuti, tukalala vitanda vya kamba, upepo unapita juu na chini yako. Sasa watu wameziba madirisha, wamepiga saruji ukuta wa chokaa, wameweka magodoro ya sponji yanayoshika joto, halafu wanalalamika hawalali.

Na lingine linaniumiza. Jirani yangu amefunga mashine yake ya nje kwenye uchochoro, inatazama dirisha langu. Yeye analala baridi, mimi napelekewa joto lake lote usiku. Uchochoro wenyewe watu wawili na punda hawapishani. Je, hiyo ni haki?

Sisi wa Pwani tumezoea joto. Tusiambiwe kwamba bila mashine hatulali.

Fundi_Langoni

Mzee wangu, shikamoo.

La jirani umesema kweli tupu, na mafundi tuna lawama humo. AC haiui joto, inalihamisha. Joto lote la chumbani, pamoja na la kompresa yenyewe, linatupwa nje. Kwenye barabara pana ya Malindi linapotea. Kwenye chochoro za Mji wa Kale linakaa palepale hadi liingie kwa mwenzako. Mashine ya nje mahali pake ni juu ya paa, ikitazama wazi. Inataka bomba refu na gharama inaongezeka, lakini mteja akikataa paa mimi huacha kazi. Tena Mji wa Kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Ukuta wa nje hautobolewi bila kuuliza ofisi ya uhifadhi. Zungumza na jirani kwa wema, Mzee, na fundi wake akiwa hapo, kuhamisha si jambo gumu.

Kuhusu nyumba za mawe nakuunga mkono, na nina nyongeza. Ukuta mnene unanyonya joto mchana na kulirudisha usiku. Ndiyo maana chumba ni baridi saa saba mchana na kizito saa tano usiku. Nyumba hizo zilijengwa zikitegemea kwamba usiku upepo utapita na kuupooza ukuta. Ukifunga madirisha kwa ajili ya AC halafu ukaizima, ukuta unakurudishia joto lote. Na ukuta uliopigwa saruji juu ya chokaa haupumui, unyevu unabaki ndani, ukichanganya na baridi ya AC utaona ukungu mweusi pembeni ya dari ndani ya msimu mmoja. Nimeziona nyumba hizo. Anayelala humo anakohoa.

Ila hilo la kuzoea, Mzee, naomba wauguzi watusaidie.

Nesi_wa_Zamu

Nipo, nimefuatilia uzi wote. Baba Nahodha, shikamoo. Kwa heshima, kuzoea kuna kikomo chake.

Mwili unaozoea joto huanza kutoa jasho mapema na chumvi unayopoteza hupungua, hilo ni kweli, na linasaidia mchana. Usiku mambo ni tofauti. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti kwenye jarida la One Earth uliotumia bangili za kupima usingizi za watu zaidi ya 47,000 kutoka nchi 68. Usiku wenye joto la zaidi ya nyuzi 30, watu walilala pungufu kwa dakika 14 hivi kwa wastani. Wazee walipoteza zaidi, wanawake walipoteza zaidi kuliko wanaume, na watu wa nchi za kipato cha chini walipoteza zaidi kuliko wa nchi tajiri. Na wanaoishi sehemu za joto hawakuonekana kukingwa na mazoea yao. Walipoteza zaidi kwa kila nyuzi iliyoongezeka.

Dakika 14 ni wastani. Kwa mgonjwa mmoja mmoja naona makubwa kuliko hayo. Mzee mwenye presha anayekunywa dawa za kukojosha, mwili wake tayari umepungukiwa maji, na joto la usiku linamkausha zaidi. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili hupunguza jasho, mwili unashindwa kujipooza. Mama aliyejifungua juzi amefungwa nguo tumboni, chumba kimefungwa asipigwe na upepo, mtoto amevalishwa kofia na soksi mwezi wa tatu. Ndugu zangu, mtoto mchanga kupata joto kupita kiasi ni hatari, na ni miongoni mwa mambo yanayohusishwa na vifo vya ghafla usingizini. Mguse shingoni au kifuani, usimpime kwa kugusa mikono yake. Shingo ikiwa na jasho, mvue. Na harara yote ile wanayopakwa poda inaanzia hapo.

Kwa watu hao sisemi AC ni anasa. Familia ikiweza kukipooza chumba kimoja tu, akalala humo bibi au mama aliyejifungua, ni kitu kizuri wamefanya.

Mama_Wageni_Shela

Hapa nilipo nalipokea hili kila siku. Wageni kutoka Ulaya wakifika wanaweka 17, 18, halafu wanaacha mlango wa roshani wazi wasikie bahari. Asubuhi sakafu imelowa, ukuta unatoka maji, na wao koo zimewakauka. Wengine wanataka vyumba vya juu vyenye paa la makuti na wanaulizia AC humo humo! Nawaeleza kwamba makuti yanapitisha hewa, baridi yote inaondoka. Chumba cha makuti kinataka pangaboi na chandarua kikubwa cha duara, na aliyelala huko akikubali siku ya kwanza huwa haombi kuhama.

Swali langu, Fundi: wafanyakazi wangu wanasema AC ya vyumba vya chini inanuka ikiwashwa. Na mbona za hapa hazidumu?

Fundi_Langoni

Dada, harufu ni filta na koili, yale mabomba ya ndani yanayopooza hewa. Fungua kifuniko cha mashine ya ndani, toa zile nyavu mbili, zioshe kwa maji na sabuni kidogo, zikauke kivulini, zirudishe. Pwani ni kila wiki mbili msimu wa joto, kila mwezi ukipungua. Ukiona vumbi limegandana na unyevu kama ngozi ya kijivu, hewa haipiti, mashine inaganda barafu, na mteja ananipigia kusema gesi imekwisha. Simu nyingi za "gesi imekwisha" zinaishia kwenye karai la maji na sabuni. Fundi anayekuja na mtungi kabla hajafungua filta, mwulize maswali. Na kabla ya kuizima asubuhi, iache ipulize upepo mtupu dakika 15 au 20, koili ikauke. Ukungu hauoti pakavu.

Kutodumu ni chumvi. Mashine ya nje inayopigwa na upepo wa bahari, mapezi yake ya aluminiamu yanaliwa. Ioshwe kwa maji baridi ya kawaida mara kwa mara, breka ikiwa imezimwa, na ukinunua mpya uliza yenye koili iliyopakwa kinga ya kutu.

Halafu hilo la koo kukauka na kichwa kizito. AC ya ukutani haileti hewa mpya. Inazungusha ileile iliyomo. Watu wawili, watatu na mtoto, mlango umezibwa kwa kitambaa baridi isitoke, hewa chafu inajaa, na usingizi unakuwa mbaya hata kama kipimo kiko sawa. Fungua madirisha yote nusu saa kabla ya kulala, chumba kipumue, kisha funga uwashe. Na ile nafasi chini ya mlango usiizibe.

Tazameni pia rimoti zenu. Kuna alama ya tone la maji. Hiyo inakausha hewa, feni inazunguka polepole na kompresa inafanya kazi kwa vipindi. Usiku ambao nje kuna nyuzi 25 lakini mvua ya masika imeacha unyevu mtupu, tone la maji linatosha kabisa, na watu wengi hawajawahi kulibonyeza tangu wanunue. Alama ya mwezi nayo hupandisha kipimo nyuzi moja baada ya saa moja, na mara nyingi nyuzi nyingine baadaye, ikifuata mwili wako unavyopoa. Ile ya theluji ndiyo ya baridi ya kawaida. Na elekeza juu vile vibao vya mdomo wa mashine ya ndani, hewa iteremke yenyewe. Isikupige kifuani.

Kijana_wa_Wiyoni

Nyumbani bibi hataki AC kabisa, anasema inaleta baridi yabisi na mafua. Na je, ni kweli kuwa tafiti zinasema chumba kiwe nyuzi 18? Niliona mtandaoni.

Nesi_wa_Zamu

Mwanangu, mafua yanaletwa na virusi, AC haina virusi vyake. Lakini hewa kavu na baridi inakausha pua na koo, na hapo kinga ya kwanza ya mwili inadhoofika. Mwenye pumu anaweza kubanwa, hasa filta ikiwa chafu. Ugonjwa wa viungo hausababishwi na AC. Ila mwenye viungo vinavyouma tayari, au aliyelala shingo ikipigwa na upepo wa baridi usiku kucha, ataamka amekakamaa na maumivu yake ni ya kweli. Kwa hiyo bibi asibishiwe. Mwekeeni 27, upepo usimfikie, apewe shuka nzito kidogo, na muulize asubuhi.

Hiyo 18 ni ya nchi za baridi, mtu amevaa pajama na amejifunika blanketi nene. Kuna utafiti wa Boston wa 2023 uliopima wazee majumbani mwao, wakalala vizuri zaidi kati ya nyuzi 20 na 25, na kutoka 25 hadi 30 ubora wa usingizi ukashuka kwa asilimia 5 hadi 10. Hata humo mtu na mtu walitofautiana sana. Sisi tunalala na leso au kikoi, na pangaboi juu. Mimi binafsi nakubaliana na 26 ya Fundi, na mgonjwa akiniambia 25 inamfaa zaidi simkatalii.

Niongeze la kuoga. Watu wanadhani maji ya baridi sana ndiyo dawa. Ngozi ikipigwa na baridi kali mishipa inajifunga, joto linabaki ndani, na ukitoka bafuni baada ya muda unatoka jasho upya. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa 2019 na watu wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin ulionyesha kuwa kuoga maji ya moto kiasi, saa moja au mbili kabla ya kulala, kunafupisha muda wa kupata usingizi kwa dakika kama 10. Ngozi inafunguka, joto linatoka. Kwetu maji ya tangi la juu ya paa yanakuwa vuguvugu yenyewe ikifika jioni. Oga hayo.

Nahodha_Mstaafu

Bi Nesi, nimekusoma na nimekubali la wazee na watoto. Mke wangu ana presha na kwa kweli halali miezi hii. Lakini siwezi kutoboa ukuta wa marehemu babu yangu.

Fundi_Langoni

Mzee, huna haja ya kutoboa leo. Fanya haya kwanza. Jua likizama fungua milango yote inayotazama kiwandani na madirisha ya upande wa bahari, hewa ipenye kwa nguvu hadi saa nne usiku ukuta upungue moto. Mchana fanya kinyume, funga mapema kabla joto halijaingia. Toa godoro la sponji, mrudishie Mama la sufi au umweke kwenye kitanda cha kamba na tandiko jepesi. Feni ya kusimama upande wa miguu kama nilivyomwambia dada wa Muyeye. Taulo lenye maji likamuliwe, afutwe mikono na miguu, kisha feni impige.

Kama bado halali, nitakuja tutazame chumba cha nyuma. Mara nyingi nyumba hizi zina tundu la zamani lililozibwa, bomba linapita hapo bila kugusa mawe, na mashine inakaa juu ya paa. Ofisi ya uhifadhi tutakwenda wote. Na presha yake ipimwe asubuhi na jioni kipindi hiki, daktari wake aelezwe kwamba halali.

BintiMuyeye

Nimehamisha feni ikae miguuni, tofauti nimeiona usiku huohuo. Dari nitaanza na chumba cha watoto. Mume wangu anauliza: tukijaliwa AC baadaye kwa chumba chetu, futi 10 kwa 12, dirisha moja linatazama magharibi, tununue ya BTU ngapi? Dukani wametwambia 18,000 ndiyo "itapooza kweli".

Fundi_Langoni

Msinunue 18,000, dada. Kwa chumba hicho chenye dari, 9,000 inatosha. Mashine kubwa kwenye chumba kidogo inafikisha baridi kwa dakika chache na kuzima kabla haijatoa unyevu, kwa hiyo mtakuwa na chumba baridi na shuka zenye majimaji, na itakuwa ikiwaka na kuzima usiku kucha kwa kelele. Pesa mtakazookoa chukueni ya inverta, inapunguza mwendo badala ya kuzima.

Dirisha la magharibi likingeni kwa nje, jamvi au turubai, tangu saa nane mchana. Pazia la ndani halizuii, jua limeshaingia. AC iwe na waya wake na breka yake kutoka kwenye boksi, isichomekwe kwenye ekstensheni pamoja na friji. Na mwambie mume wako anitumie picha ya ukuta wa nje kabla hajalipa popote, nione mashine itatupa joto upande gani.